Kuijenga Nyumba Ili Iweze Kufumuliwa

Hotuba mbele ya waashi, maseremala na wanafunzi wa ujenzi, Mji Mkongwe, Unguja

Waheshimiwa wageni, masheha mliofika, waashi wakuu, maseremala, walimu na wanafunzi wa fani ya ujenzi, mabibi na mabwana, assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumze juu ya usanifu wa mzunguko, yaani ujenzi ambao vifaa vya nyumba iliyomaliza kazi yake hurudi kuwa nyumba nyingine badala ya kuishia jaani. Wengi wenu mmelisikia jambo hili kutoka kwa wageni, likiwa na michoro ya duara na mishale ya kijani, na huenda mkadhani ni elimu mpya inayotushukia uwanja wa ndege pamoja na watalii. Nitajaribu kuonyesha kwamba visiwa hivi vilikuwa na utaratibu wake wa kurudisha vifaa kazini, kwamba utaratibu huo ulikatika kwa sababu zinazotajika, na kwamba sababu kubwa kuliko zote imefichika katika kile tunachokiweka baina ya jiwe na jiwe.

Chukueni ukuta wa nyumba yoyote ya zamani katika mitaa hii. Unene wake ni nusu mita au zaidi, na ndani yake mna mawe ya matumbawe yasiyochongwa sana, yaliyoshikana kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa hiyo ilitokana na mawe ya namna hiyo hiyo, yaliyochomwa katika tanuu lililopangwa kwa magogo, mara nyingi ya minazi. Moto ukifikia kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe huachia hewa ukaa iliyomo ndani yake na kubaki chokaa ya moto. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka na kuumuka mpaka ikawa laini. Na ikisha kupakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka angani, taratibu, kwa miezi na miaka, hata ikarudi kuwa madini yale yale yaliyoingia tanuuni. Sisemi haya ili kuitakasa chokaa. Magogo yaliyoichoma yalikuwa miti, na kuna sehemu za pwani yetu, Ghuba ya Chwaka ikiwa mojawapo, ambako mikoko ilikatwa kwa ajili ya kuni na matanuu kupita kiasi ambacho msitu ungeweza kukistahimili. Atakayefufua kazi ya chokaa bila ya kujibu suali la kuni atakuwa amehamisha tatizo kutoka mjini na kulipeleka baharini.

Sifa ya chokaa inayonihusu zaidi leo ni ulaini wake. Kiungo cha chokaa ni dhaifu kuliko jiwe linaloshikwa nacho, na kwa hivyo ukuta unapofika wakati wa kuteremshwa, mwashi mwenye nyundo na mtaimbo huweza kuchambua jiwe moja moja, akalikung'uta na kuliweka pembeni likiwa zima. Saruji hufanya kinyume. Huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1450, hukauka kwa haraka na kushika kwa nguvu ambazo mara nyingi huzidi nguvu za tofali lenyewe, hata ukiupiga ukuta, tofali hupasuka kabla ya kiungo kuachia. Tunachokipata ni kifusi, na kifusi kina kazi mbili tu: kujazia shimo, au kumwagwa mahali ambapo hakikutakiwa. Mwashi aliyechanganya saruji nyingi kwa nia njema ya kumjengea mtu nyumba imara alikwisha kuamua, siku hiyo hiyo, kwamba mjukuu wa mtu huyo hatarithi tofali hata moja.

Boriti nazo zina hesabu yake. Kila aliyelala katika nyumba ya Mji Mkongwe anajua kwamba vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa baina ya mita mbili na nusu na tatu hivi, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko huweza kuuvuka huku imebeba dari ya mawe na chokaa bila ya kupinda. Boriti hizo hizo, zikitoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zilipakiwa majahazini na kupelekwa hata Ghuba ya Uajemi, ambako nyumba za Kuwait na Bahrain zilikuwa na vyumba vya kipimo kama chetu. Kipimo kimoja kinachofuatwa na mji mzima ni jambo kubwa katika mzunguko wa vifaa, maana boriti iliyotoka katika nyumba iliyoanguka Malindi inaingia bila ya taabu katika nyumba inayotengenezwa Shangani. Boriti huoza kwanza kwenye ncha, pale zinapozama ukutani na kunywa unyevu, na iliyobaki katikati huwa nzima. Ikikatwa ncha hutosha chumba chembamba zaidi, au ukumbi, au stoo. Leo kila mteja anataka sebule ya upana wake, na kila mhandisi hukata chuma kwa kipimo kisichofanana na cha jirani. Huu ni uhuru ambao sikatai kwamba wateja wangu wanaupenda, ila gharama yake haiandikwi popote.

Kuhusu mlango sitasema mengi, kwa sababu watu wameusema sana na wengi wao hawakuutazama. Itoshe kukumbusha kwamba katika ujenzi wa zamani wa pwani mlango mara nyingi ulisimamishwa mapema, kuta zikafuata, na kwamba fremu, mfaa (mti wa katikati ya mbao mbili za mlango) na mbao zake hukaa kwa ndimi na vishimo vinavyofunguka, ndiyo maana mlango uliweza kuhama nyumba. Uhamaji huo ulipokutana na fedha za kigeni ukageuka kuwa kitu kingine. Mlango uliong'olewa katika nyumba inayosimama, ukapelekwa hotelini kuwa meza au pambo la ukuta, haukurudi katika mzunguko. Umetolewa ndani yake, na nyumba iliyobaki na tundu limezibwa kwa matofali itaanguka mapema zaidi. Napenda tuwe wakali katika jambo hili, kwa sababu neno la kutumia tena limekuwa pazia zuri la wizi. Kasri ya Marhubi, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kuungua mwaka 1899, leo imebaki nguzo na hamamu isiyo na mapambo yake.

Hata hivyo ziko kumbukumbu za heshima zaidi. Nendeni Kizimkazi Dimbani. Msikiti wa pale una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, lakini jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa lilijengwa upya katika karne ya 18. Waashi wa karne hiyo walikuta msikiti uliochakaa, na hawakuona sababu ya kuutupa ukuta wa kibla uliochongwa na watu waliowatangulia kwa zaidi ya miaka mia sita. Tembeeni kisha hapa jirani, Ngome Kongwe. Waomani walipowaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17 walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa, na mabaki ya kuta za kanisa hilo yakaingizwa katika ngome yenyewe. Adui aliondoka, mawe yake yakaajiriwa. Na ngome ya Chake Chake, ambayo sehemu yake kubwa ilivunjwa kupisha hospitali, ina kipande kilichosalia ambacho leo ni makumbusho ya Pemba.

Kwa wale wanaotaka dalili ya sheria badala ya mawe, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, walikwisha kuzungumza habari ya msikiti unaochelewa kutengenezwa mpaka ukahofiwa kuanguka. Ardhi yake haiuzwi. Kadhi akiona haja, vifaa vyake huteremshwa kwa uangalifu na kujengewa msikiti mwingine, na kutumika katika msikiti kuna haki ya kutangulia kuliko matumizi mengineyo. Tazameni ufundi uliomo katika hukumu hiyo: inakuwapo hesabu ya kila boriti, inakuwapo mtu mwenye dhamana ya kuamua, na inajulikana tangu awali vifaa vinakwenda wapi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Sioni kwa nini taratibu hizi zisiwe ndio mwanzo wa kanuni zetu, badala ya kusubiri kutafsiriwa za watu wengine.

Sasa nizungumze juu ya siku ya kuvunja, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mkandarasi mmoja, ambaye sitamtaja, aliwahi kuniambia kwamba yeye halipwi kwa kile anachokiokoa, hulipwa kwa kiwanja kilicho tupu, na kila siku anayochelewa ni hasara yake. Alikuwa akisema kweli. Mkataba wa kuvunja nyumba kwetu unapima jambo moja tu, nalo ni muda. Kijiko cha mashine kinaingia asubuhi, na ifikapo alasiri mawe, mbao, mabati, vigae, nyaya na vyoo vimekuwa lundo moja lisilochambulika. Kitu pekee kinachonusurika ni nondo, kwa sababu chuma chakavu kina soko, na vijana hukaa juani wakipasua nguzo za zege ili kuzitoa. Hili linanisikitisha kwa sababu ya kiufundi. Katika vyote vilivyomo ndani ya lundo lile, nondo iliyokwisha kupinda, kunyooshwa na kupata kutu ndiyo isiyofaa kabisa kurudi katika nguzo ya nyumba ya mtu. Irudi kwenye tanuri la chuma ikayeyushwe. Mbao ya mninga, dirisha la mti mgumu, bati lisilotoboka na jiwe zima, ambavyo vingeweza kutumika kesho kama vilivyo, ndivyo vinavyozikwa.

Nyumba inapoanguka yenyewe hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa hofu na msiba hutangulia. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa kazi za ukarabati, na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Katika saa kama hizo la kwanza ni uhai, na hakuna mwenye haki ya kumtaka mwokoaji achambue mawe. Lakini baada ya saa hizo kuna siku na wiki, na hapo nyumba ndogo zisizo na jina, ambazo ndizo zinazoanguka mara nyingi, hukosa mtu wa kusimama na kusema: hizi boriti ziwekwe kivulini, haya mawe yapangwe, ile fremu ifunikwe kabla ya mvua za masika. Sote tunaijua ile methali ya ufa na ukuta. Haijatuambia ukuta wa pili utajengwa kwa mawe gani.

Wenzetu wa mbali wanafanya nini? Nitataja wawili. Mjini Ningbo, China, msanifu Wang Shu alisimamia makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2008, ambayo kuta zake zimepambwa kwa vigae na matofali yaliyookolewa katika vijiji vilivyobomolewa, vikiwa vimepangwa kwa ustadi wa waashi wa eneo hilo ambao kazi yao ilikuwa inapotea. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni tuzo kubwa ya kimataifa ya wasanifu majengo. Mjini Winterthur, Uswisi, jengo linaloitwa K118, lililokamilika mwaka 2021, liliongezwa ghorofa juu ya karakana ya zamani kwa nguzo za chuma, madirisha na ngazi zilizotolewa katika majengo mengine, na hesabu za waliolijenga zilionyesha kwamba hewa ukaa iliyotokana na ujenzi ilipungua kwa karibu asilimia 60 kuliko kama kila kitu kingekuwa kipya. Waswisi hao walilazimika kuchora nyumba baada ya kupata vifaa. Walikwenda kutafuta dirisha kwanza, wakalipima, ndipo wakachora ukuta. Mwashi wa Makunduchi hatalistaajabia hilo.

Jambo la kujifunza hapo liko upande wa fedha. Ulaya, saa ya kazi ya mtu ni ghali na tofali jipya ni rahisi, na ndiyo maana kufumua nyumba kwa mikono huwashinda wengi, hata ikawa takataka za ujenzi na ubomoaji ni zaidi ya theluthi ya takataka zote za Umoja wa Ulaya. Kwetu mizani imeinama upande mwingine. Saruji, chuma na mbao nyingi huvuka bahari kabla ya kufika bandari za Malindi au Mkoani, na mchanga wa kujengea umekuwa haba Unguja kiasi cha kuacha mashimo katika mashamba yaliyokuwa yakilimwa. Vijana wenye nguvu na wanaotafuta kazi tunao. Kwa hesabu hiyo sisi ndio tungepaswa kuwa mabingwa wa kufumua nyumba, na ni aibu kidogo kwamba tumeiga haraka ya kijiko cha mashine kutoka kwa watu ambao wao wenyewe wanaijutia.

Naomba tusikubali, hata hivyo, kwamba kila cha zamani kinafaa. Mabati ya saruji yenye asibestosi, yaliyoezekwa katika majengo mengi ya karne iliyopita, hayafai kukatwa wala kuhamishiwa banda la kuku, kwa sababu vumbi lake huingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miongo ya miaka. Yaondolewe na wenye vifaa vya kujikinga, yakiwa yameloweshwa na bila ya kuvunjwa. Mawe yaliyokaa karibu na bahari au chini ya ukuta hunywa chumvi, na ukiyapaka saruji chumvi hiyo itasukuma lipu nje ndani ya misimu michache. Yapangwe nje yanyeshewe kwanza, kisha yapakwe chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue. Mbao ikaguliwe mchwa kwa kisu, maana macho hayatoshi. Na chupa za hoteli, ambazo kila mwenye mradi huniuliza habari zake, zikisagwa zinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga, lakini vipande vikubwa vya kioo hugombana na saruji na kulipasua tofali kwa ndani, kwa hivyo zisagwe ziwe laini, na matofali yajaribiwe kabla ya kubebeshwa mzigo.

Ninayoyapendekeza si mengi, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kibali cha kuvunja nyumba, mjini na mashamba, kitolewe pamoja na orodha ya vifaa vitakavyookolewa na idadi ya siku za kufumua kabla ya mashine kuingia. Orodha hiyo iandikwe na mwashi na seremala, wala si na karani peke yake. Patafutwe uwanja wenye paa, mmoja Unguja na mmoja Pemba, ambapo vifaa hivyo vitapimwa, vitapangwa kwa aina na kuuzwa kwa bei iliyoandikwa, kila kitu kikiwa na karatasi inayoonyesha nyumba kilikotoka na kwa idhini ya nani. Karatasi hiyo ndiyo itakayotofautisha mlango uliookolewa na mlango ulioibiwa. Uwanja usiwe mkubwa mno mwanzoni. Vifaa vinavyokaa mwaka mzima bila ya mnunuzi huoza, na uwanja uliojaa vilivyooza huua biashara nzima.

Kwa nyumba mpya nina ombi moja kwenu waashi. Katika nyumba ya chini, kwenye kuta zisizobeba mzigo mkubwa na baada ya kumuuliza mhandisi, jaribuni kiungo cha saruji kipimo kimoja, chokaa viwili na mchanga tisa. Ni mchanganyiko unaojulikana vitabuni kwa muda mrefu. Hushika vya kutosha, huvumilia nyumba inapotulia ardhini bila ya kupasua matofali, na siku ya kufumua huachia. Maseremala nao wafunge kenchi kwa skrubu na bolti pale wanapoweza, na misumari waipunguze. Mbao iliyotobolewa kwa misumari mia haina mnunuzi. Mabomba na nyaya zisizikwe ndani ya ukuta, kwa kuwa hizo huchakaa mwanzo na ukuta hupasuliwa kwa ajili yake.

Wateja watalalamika. Watasema chokaa ni ya maskini, na kwamba dirisha la zamani linaonyesha kuwa mwenye nyumba ameishiwa. Mimi huwapeleka kwenye Zahanati ya Kale pale bandarini, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 na kukarabatiwa katika miaka ya 1990, nikawaacha watazame veranda zake za mbao kwa muda wanaoutaka. Wengine hubadilika, wengine hurudi na michoro ya marumaru. Mwenye kubadilika mmoja ananitosha kuanza naye.

Suali la kuni za tanuu bado liko mezani, na nimelileta hapa kwa sababu nyinyi ndio wachomaji. Minazi mizee isiyozaa ipo mingi katika mashamba ya Unguja na Pemba, na sehemu yake ya nje, iliyo ngumu, inafaa mbao. Iliyobaki, yaani kitovu laini na vipande, ndiyo ningependa tuihesabu kwanza kabla ya mtu kugusa mkoko. Waashi watatu wenye uzoefu wa matanuu wamekubali kukaa nami baada ya mkutano huu ili tufanye hesabu hiyo kwa tanuu moja, na yeyote anayejua bei ya mnazi uliokatwa katika wilaya yake aje na bei hiyo mezani. Wanafunzi, shukeni uani: chokaa imekwisha kulowekwa, na yeyote asiyekuwa na miwani ya kazi asiusogelee mtungi.

Ahsanteni.